Minyoo Mia Mbili na Sita wa Bi Mwanahawa

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Iko mbali sana na mlipo, wala haifanani na ya kwenu hata kidogo, na ikitokea ikafanana, basi nyie ndio mlioiga. Ndani ya nchi hiyo mimi ni balozi wa nyumba kumi. Nyumba zangu kumi ni thelathini na moja, lakini kisheria ni kumi, na mimi sheria naiheshimu. Naomba lieleweke tangu mwanzo kwamba sina neno na serikali. Serikali ndiyo iliyonipa mhuri, daftari na kiti cha plastiki.

Haya. Miaka mitatu iliyopita Mtukufu Rais wetu alisimama uwanjani, akafuta jasho, akatangaza kwamba nchi imemaliza minyoo ya tumboni. Hakusema imepungua. Imekwisha. Tume ya wataalamu saba ilikuwa imefanya uchunguzi wa kina: wajumbe wote saba walijipima wenyewe, na hakuna aliyekutwa na mnyoo hata mmoja. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Likaundwa jopo la kusimamia ushindi huo, na kwa kuwa jopo lilikuwa na magari, likapandishwa cheo kuwa Wizara ya Vitu Vilivyotokomezwa.

Wizara ilianza kazi kwa kasi ya ajabu. Kwanza, dawa ya minyoo iliondolewa hospitali zote ikafungiwa ghalani, maana kugawa dawa ya kitu kisichokuwepo ni kumwita Mtukufu mwongo. Pili, neno lenyewe likapigwa marufuku kwenye nyaraka. Ikilazimu sana, tuliambiwa tuandike "viumbe virefu visivyokuwepo." Mama mmoja muuza tambi pale sokoni alihojiwa saa nne nzima, akaachiwa kwa masharti kwamba tambi zake azivunjevunje kabla ya kuzipanga mezani. Mimi nililiona hilo ni jambo la busara.

Sasa, kwenye nyumba ya tisa katika kumi zangu, ambayo ukihesabu kwa vidole ni ya ishirini na nne, anakaa Bi Mwanahawa Kitojo na mjukuu wake Pendeza, mtoto wa miaka sita. Huyo Pendeza ndiye aliyenifanya nianze kulala vibaya. Tumbo lilimtoka mbele, miguu ikawa vijiti, macho meupe kama karatasi. Alikuwa mtoto wa kupiga kelele mtaa mzima, akawa mtu wa kukaa kizingitini anakula udongo wa ukutani. Bibi yake alimpeleka zahanati mara nne, na mara zote nne muuguzi aliandika kwenye cheti neno moja: shibe.

"Shibe!" Bi Mwanahawa alinijia na cheti mkononi. "Balozi, wewe una macho. Huyu mtoto ameshiba?"

"Kama imeandikwa, dada..."

"Nimekuuliza wewe, sijauliza karatasi."

Nikamwambia ningelifikisha suala hilo ngazi za juu. Alinitazama hivi, akasonya, akaondoka. Msonyo ule niliusikia mpaka nilipokwenda kuoga.

Muuguzi lakini si mtu mbaya. Alipokuwa akimsindikiza Bi Mwanahawa mlangoni mwa zahanati alimnong'oneza kwamba kidonge kimoja tu cha kutafuna kingetosha, na kwamba vidonge viko ghalani, maboksi kwa maboksi, vinalindwa na askari wawili na mbwa. Akamwambia pia kwamba mtoto asipokipata kabla ya masika damu itamwishia. Masika yalikuwa yamebakiza wiki tano.

Mambo haya yangeishia hapo, mtoto angekufa kwa shibe na sisi tungezika kwa utulivu, kama si gari la taka.

Gari letu la taka ni gari zuri, jipya, limezinduliwa mara saba. Huja, likakatiwa utepe, likapigwa picha, likarudi. Taka zetu tunazimwaga kwenye kona ya mtaa, na zimekuwa kilima ambacho watoto wamekipa jina la waziri aliyezindua mara ya mwisho. Kila nyumba ina mchango wake pale, isipokuwa nyumba moja. Ndipo akaja Bwana Afya wa kata yetu, Bwana Nyangasa, kijana mtanashati wa viatu vyenye ncha, kutaka kujua kwa nini nyumba ya Bi Mwanahawa haitoi takataka.

"Kutotoa taka ni hujuma," alinieleza njiani. "Bajeti ya mafuta ya gari inatokana na wingi wa taka. Mtu akikosa taka, anatukwamisha."

Nikamwambia gari lenyewe halichukui taka. Akaniambia hayo ni mambo mawili tofauti, nami nikaona kweli ni mawili.

Tulimkuta Bi Mwanahawa uani amechuchumaa mbele ya ndoo ya plastiki, anachana gazeti la serikali vipande vyembamba. Bwana Afya aliona kipande chenye sikio la Mtukufu kikitumbukizwa kwenye beseni la maji, akakohoa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Takataka zako zinakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Zinaliwa."

"Na nani?"

"Na minyoo."

Jamani. Nimeshuhudia nyumba ikishika moto, nimeshuhudia mke wa pili akiingia harusini bila kualikwa, lakini kimya kama kile sijapata kukisikia. Bwana Afya alishika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

"Bi Mkubwa," nikajitia kucheka, "unamaanisha nyungunyungu. Wale wa kwenye udongo. Sema nyungunyungu twende zetu."

"Kwetu tunaita minyoo," akasema. Akafunua gunia lililofunika ndoo. "Njooni muone, haiumi."

Ndani mlikuwa na magazeti yaliyolowa, maganda ya ndizi, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyosagwa, na katikati yake wekundu wembamba wanajinyonganyonga kwa raha zao. Akatueleza kama mwalimu: ndoo itobolewe matundu chini na juu ipate hewa, gazeti liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, malimau na vitunguu usiwape, nyama usiwape, itanuka. Baada ya miezi mitatu taka zinageuka udongo mweusi usio na harufu. Alichota kiganjani akamnusisha Bwana Afya kwa nguvu. Nyuma yake mchicha ulikuwa umesimama kiunoni, majani mapana kama sahani. Mafunzo hayo aliyapata kwenye semina aliyokwenda kufuata chakula cha mchana.

Bwana Afya hakutazama mchicha.

"Unakiri mbele ya balozi kwamba nyumba hii ina... ina hao?"

"Ninayo, mwanangu. Mingi tu."

Alikimbia. Kiatu kimoja kiliingia matopeni akakiacha humo.

Habari ilifika Wizarani jioni ile ile. Mheshimiwa Waziri wa Vitu Vilivyotokomezwa alikuwa hajapata kazi nyingine tangu afungie dawa ghalani, akaishika hiyo kwa mikono miwili. Aliita waandishi, akavaa miwani, akasema maneno ambayo nimeyakariri: "Serikali inapenda kuwahakikishia wananchi kwamba hakuna jambo lolote lililotokea, na kwamba jambo hilo linashughulikiwa kwa nguvu zote."

Tatizo lilikuja kwenye kuandika waraka. Kuagiza minyoo wa Bi Mwanahawa wateketezwe ni lazima kwanza uwataje, na ukiwataja umekubali wapo. Mwanasheria wa Wizara akashauri watajwe kwa namna ambayo hawatakuwepo sana. Wakaitwa wajumbe wa Baraza la Lugha, wakafungiwa hotelini siku sita. Siku ya kwanza walikubaliana chai iwe na maziwa. Siku zilizobaki waligombana juu ya swali moja zito: tuseme minyoo *ipo*, au minyoo *wapo*?

Usicheke. Taifa zima lilisimama. Kama *ipo*, ni vitu, ni mali ya Bi Mwanahawa, na mali ya raia huwezi kuiteketeza bila fidia. Kama *wapo*, ni viumbe hai, na kiumbe hai aliyemo mipakani mwa nchi ana haki zake. Mzee mmoja wa Baraza alilia machozi akitetea *ipo*, akisema ndivyo alivyosikia kwa mama yake. Alipigiwa kura akashindwa. Ikapitishwa *wapo*, na tangu siku hiyo mimi nasema *wapo*, maana nina mhuri.

Basi mwanasheria, akiwa amechoka na chai ya hotelini, akaandika waraka huu, nao ninao mpaka leo:

"Kwa kuwa hakuna mtu mwenye minyoo nchini, na kwa kuwa minyoo waliotajwa si wa mtu bali ni wa ndoo, inaagizwa kwamba minyoo wote waliomo waorodheshwe, na kila mmoja apewe kidonge chake kimoja kutoka ghala la taifa, akitafune mbele ya shahidi, kisha azikwe kwa heshima."

Nilimsomea Bi Mwanahawa waraka huo kibarazani kwake. Pendeza alikuwa amelala mapajani mwake, anapumua kwa shida. Nilipofika kwenye "kidonge chake kimoja" yule mama alinyanyua kichwa.

"Rudia hapo, kaka."

Nikarudia.

Akamfuta mtoto jasho. Halafu akaniuliza swali ambalo niliona halina uhusiano: "Balozi, hizo nyumba zako kumi zina watu wangapi, wakubwa kwa watoto?"

Mimi nikiulizwa takwimu huwa najisikia vizuri. Nikafungua daftari. "Mia mbili na sita."

"Basi," akasema, "waambie nina minyoo mia mbili na sita."

Kesho yake Bwana Afya alirudi na viatu vingine na furushi la fomu, fomu moja kwa kila mnyoo. Aliagizwa awahesabu kwa mikono yake. Bi Mwanahawa alimletea kigoda, akamsogezea ndoo, akamfunulia gunia. Bwana Afya alitazama mara moja, akageuza shingo, akasema yeye anaamini maneno ya wazee, na fomu atamwachia ajaze mwenyewe.

Fomu iliuliza jina kamili, jinsia, umri na kazi ya mnyoo. Siku tatu nzima Bi Mwanahawa alikaa uani na kalamu. Siku ya nne aliniletea furushi nigonge mhuri. Nikaanza kugonga bila kusoma, kama nilivyofundishwa. Lakini fomu ya kumi na saba ilinivuta jicho.

*Jina: Athumani Mtulya. Jinsia: kiume. Umri: miaka sitini na mitatu. Kazi: balozi.*

Athumani Mtulya ndiye mimi.

"Bi Mwanahawa!" niliruka. "Mimi mnyoo?"

"Taratibu, utajipasua."

"Kiongozi mzima! Mwenye mhuri!"

"Fomu zinataka majina," akasema, "na mimi wale wa kwenye ndoo sikuwapa majina. Ningeandika nini? Nimeandika ya watu ninaowajua. Wa kwanza ni Pendeza, umeshamgongea. Wewe kama hutaki nakufuta sasa hivi, lete."

Akanyoosha mkono kuichukua fomu. Mimi sikuiachia. Nisiwafiche, kuna maumivu ya chini ya kitovu ambayo yalikuwa yananisumbua tangu mwaka wa pili wa ushindi, nayo nilikuwa nayaita gesi. Nikamtazama yule mtoto kizingitini. Nilimkumbuka akinikimbilia zamani na kunivua kofia. Nilimwonea huruma, na aibu ilinishika kwa mara ya kwanza tangu nipewe kiti. Nikagonga mhuri kwenye jina langu, nikaendelea mpaka ya mia mbili na sita.

Vidonge vilikuja kwa msafara: pikipiki mbele, gari la wagonjwa nyuma, askari wawili wa ghalani wakiwa na mbwa wao. Kila kidonge kilikuwa kwenye bahasha yake yenye jina la mnyoo na baraka za Waziri. Bwana Afya alitakiwa kushuhudia wakitafuna. Alisimama mita ishirini kutoka kwenye ndoo, leso puani, amegeukia barabarani.

"Wanatafuna?" akapaza sauti.

"Wanatafuna, mwanangu!" akajibu Bi Mwanahawa.

Na kweli walikuwa wanatafuna. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na mtaa wangu wote ulikuwa umejipanga humo, mmoja mmoja, akina mama na vitoto mgongoni, kila mtu akiitwa kwa jina lililo kwenye bahasha. Pendeza alikuwa wa kwanza. Alikunja uso, akameza. Zamu yangu ilipofika nilikitafuna kidonge nikiwa nimesimama wima. Sikukitafuna kwa sababu nina kitu tumboni. Nilikitafuna kwa kutii waraka.

Baada ya hapo yalikuwa mazishi ya heshima. Waraka ulisema wazikwe, kwa hiyo Bi Mwanahawa alichukua ndoo, akawafukia wale wekundu wake kwenye tuta jipya la mchicha, udongo laini, majani makavu juu, akanyunyizia maji. Askari wakapiga saluti. Mbwa akalala. Nimekwenda kuwatazama marehemu mara kadhaa, na niseme kwamba katika maisha yangu sijaona waliozikwa wakanenepa namna ile.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Bwana Afya alikuja kufunga jalada. Alikuwa na karatasi moja ya kutiwa sahihi na mimi kama shahidi: "Minyoo hawakuwepo, wametokomezwa, na hawapo tena." Nilikuwa nimeshatoa mhuri mfukoni pale Pendeza alipotokea chooni. Alikuwa anatembea upesi. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga.

"Babu Balozi, njoo uone! Vimetoka! Vile virefu visivyokuwepo!"

Akalisogeza kopo chini ya pua ya Bwana Afya kabla sijamzuia.

Sitaeleza kilichokuwemo, watu wengine mnasoma mkiwa mezani. Bwana Afya hakukimbia safari hii. Alitazama ndani ya kopo muda mrefu. Akamtazama mtoto, midomo yake iliyoanza kurudiwa na wekundu, na ule mkono mwembamba ulioshika kopo kwa fahari. Kisha akakaa chini, pale pale vumbini, na suruali yake ya pasi.

"Wangu wa pili yuko hivi," akasema polepole. "Tumbo hivi hivi. Mama yake ananiuliza kila siku, mimi namwambia ni shibe."

Hakuna aliyemcheka. Bi Mwanahawa alimletea maji ya kunywa, akamsubiri amalize.

"Vidonge vimebaki, mama?"

"Vilikuja kwa hesabu, mwanangu. Mia mbili na sita." Akachuchumaa mbele yake. "Fomu je? Fomu zimebaki?"

Bwana Afya alifungua mkoba. Zilikuwepo. Bi Mwanahawa akampa kalamu, mimi nikampa daftari langu la kuwekea chini ya karatasi, naye akaandika: *Mnyoo wa mia mbili na saba. Jina: Neema-Faraja Nyangasa. Jinsia: kike. Umri: miaka minne.* Kwenye kazi alikwama. Pendeza aliyekuwa anachungulia begani kwake akamwambia, "Andika kucheza." Akaandika kucheza, akageuza uso akajipangusa kwa leso ile ile aliyokuwa akizibia pua.

Niligonga mhuri ule kwa nguvu mpaka ukaacha alama kwenye fomu ya chini.

Tangu hapo jalada halijafungwa. Nchi nzima ndoo iliyosajiliwa ni moja tu, hiyo ya Bi Mwanahawa, na kwa hiyo mnyoo yeyote anayetaka kidonge ni lazima aandikishwe kuwa ni wa ndoo hiyo. Wanakuja kutoka wilaya zote. Wanapanga foleni kuanzia kilima cha taka mpaka kwenye kiti changu, walimu, mapadri, mashehe, muuza tambi, muuguzi wa zahanati na wanawe. Kila anayekuja kuandikishwa anaondoka na wekundu wachache wa kutoka tutani kwenye mfuko, pamoja na maelekezo kuhusu malimau na vitunguu. Kilima chenyewe kimeanza kushuka, na gari la taka limeandikiwa barua ya onyo kwa uzembe. Kwa takwimu za jana, ndoo ile ya lita ishirini ina minyoo laki nne na elfu kumi, wote wenye majina, na wengi wao wapiga kura. Pendeza amerudia kelele zake. Kofia yangu sijaiona tangu juzi.

Wiki iliyopita ililetwa bahasha nene yenye nembo ya Ikulu. Ndani mlikuwa na fomu moja. Pale pa jina pameachwa wazi. Umri: siri ya taifa. Kazi: Mtukufu. Na barua ya msemaji ikieleza kwamba fomu hii haipo, haikutumwa, na ijibiwe haraka.

Nilimpelekea Bi Mwanahawa uani. Alikuwa amechuchumaa anachana gazeti. Akaisoma yote, akaniuliza kama fomu inaruhusu kuomba zaidi ya kimoja.

"Waraka unasema kidonge kimoja kwa kila mnyoo," nikamwambia.

"Huyu," akasema, "muandikie viwili. Anaonekana ameshiba sana."

Nikagonga mhuri.